"Kaja", "ako", "siswi": kwa nini sanifu inachukua viwakilishi vingine na vingine inashindwa

Kila ikifika tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mtandaoni mabishano ni yale yale. Mkenya anaandika "ako wapi?", Mtanzania anamrukia, "sema yuko wapi, mnatuharibia lugha." Katikati hapo anatokea mtu wa Pemba anaandika "huyo kenda mjini" na wote wawili wanamgeukia yeye, hiki nacho Kiswahili gani? Mimi komenti za namna hii zinaniuma kwa kweli, kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pemba na maneno anayochekwa nayo huyo mtu ndiyo niliyolelewa nayo, na pia kwa sababu ukikaa ukaelewa kinachotokea unaona hao watatu hakuna aliyekosea.

Basi ngoja nilifungue fundo hili taratibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Lahaja ni namna watu wa sehemu fulani wanavyoizungumza lugha moja: kuna Kimvita cha Mombasa, Kiamu cha Lamu, Kipemba, Kitumbatu, Kimakunduchi (wenyewe wanakiita Kikae), Kivumba, Kimtang'ata kule Tanga, na Kiunguja cha mjini. Lugha sanifu ni lahaja mojawapo iliyochaguliwa, ikawekewa tahajia, kamusi na vitabu vya shule, ikapewa kazi ya kutumika na wote. Yaani sanifu ilikuwa lahaja kama hizo nyingine, ikapandishwa cheo. Kisha kuna kiwakilishi cha nafsi, hili ni neno la darasani lakini kitu chenyewe tunakitumia kila sekunde: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Kiswahili kina viwakilishi vya aina mbili. Ukisema "mimi ninakwenda" umejitaja mara mbili, "mimi" imekaa nje peke yake na "ni-" imeingia ndani ya kitenzi. Ile ya nje unaweza kuiacha na sentensi isianguke, "ninakwenda" inatosha kabisa. Ile ya ndani huwezi kuiacha, "nakwenda" ya haraka haraka bado ina n- yake, lakini "kwenda" tupu haisemi nani. Mimi huwa nafananisha hivi: cha nje ni kofia, unaivaa unaivua, asubuhi nyeupe jioni nyeusi. Cha ndani ni uzi ulioshona kanzu, ukiuvuta kanzu yote inafumuka. Shika mfano huo maana tutaurudia.

Sasa, sanifu ilipata wapi nguvu? Karne ya 19 Unguja mjini ndiyo ilikuwa soko kubwa, misafara ilitoka pwani ikaenda Tabora, Ujiji mpaka ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili kilichobebwa na hiyo misafara kilikuwa karibu sana na cha Unguja. Wamisionari nao waligawanyika. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kazi zake zimejaa Kimvita, Steere alikaa Unguja na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja. Kwa hiyo kulikuwa na vitabu viwili, miji miwili, na "sisi" mbili tofauti. Mwaka 1928 wakakutana Mombasa, watu wa serikali za kikoloni na wamisheni, baadhi ya wamisionari wa Mombasa wakakitetea Kimvita kwa nguvu, lakini kilichopita ni Kiunguja. Mwaka 1930 ikaanza kazi ile Kamati ya Lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na vitabu vya shule vikawa vinapitia mikononi mwake kabla ya kukubaliwa. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu kabla ya hapo mtoto wa Mombasa alikuwa anajifunza kwa mama yake kwamba watu wengi tukiwemo mimi na wewe ni "siswi", na baada ya hapo kitabu kikamwambia ni "sisi".

Na wala siswi si neno la ovyo. Kimvita ndicho alichotungia Muyaka bin Haji mashairi yake Mombasa, miaka zaidi ya 80 kabla mtu yeyote hajakaa kwenye kikao cha kusanifisha. Wale wanaosema lahaja ni Kiswahili kilichoharibika wanageuza historia kichwa chini. Lahaja zilitangulia, sanifu ni mtoto wa mmoja wao.

Turudi kwenye kofia. "Siswi" kwenda "sisi" ni kubadilisha kofia tu. Mtu wa Mombasa akisema "siswi tumekuja" na akisema "sisi tumekuja", kitenzi hakijaguswa hata kidogo, ile tu- ni ile ile kote kote. Gharama yake ni ndogo sana, na faida yake kubwa: mwalimu hakusahihishi, mtu wa bara hakuulizi mara mbili, hata simu yenyewe ukiandika "sis" inakupendekezea i. Kwa hiyo ukikaa na vijana wengi wa mjini Mombasa utasikia "sisi", na "siswi" utaikuta kwa wazee, kwenye mashairi, na nyumbani wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Vivyo hivyo "-akwe". Zamani na kwenye lahaja kadhaa ilikuwa "jina lakwe", "mbele yakwe", sanifu ikasema "lake", "yake". Sauti moja tu imetoka, watu wakabadilika bila maumivu makubwa.

Lakini chukua ile ya bibi yangu.

Nilipokuwa darasa la nne niliandika insha ya mgeni. Nikaandika "mgeni kaja na mikoba miwili", kwa sababu ndivyo bibi alivyokuwa anaita kutoka mlangoni, "Mgeni kaja!" Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika juu "amekuja", akaisoma mbele ya darasa na darasa likacheka. Sikumchukia yule mwalimu, alikuwa anafanya kazi yake na mtihani ulitaka hivyo. Ila hakuna aliyeniambia kwamba hilo neno lina sarufi yake kamili.

Sarufi yenyewe ni hii. Kwenye lahaja za kusini, kuanzia Pemba, Tumbatu na Makunduchi mpaka Mtang'ata na Vumba, jambo likishatendeka nafsi ya tatu haichukui a- bali inachukua ka-. Kaja, kenda, kalala, kafa. Hakuna "me". Hiyo ka- inabeba vitu viwili kwa mpigo, inasema "yeye" na papo hapo inasema "tayari". Sanifu inagawa kazi hiyo kwa watu wawili, a- inasema nani, -me- inasema tayari. Kwa hiyo mtu wa Pemba akitaka kuongea sanifu habadilishi kiwakilishi peke yake, inabidi abadilishe na wakati wa kitenzi, afumue na ashone upya. Ndiyo maana unamkuta mtu kasoma mpaka chuo kikuu, ana "sisi" safi kabisa, ana "yeye" safi kabisa, anaongea kwenye kikao kama anasoma taarifa ya habari, halafu akipigiwa simu na mamake sentensi ya kwanza inayomtoka ni "Mjomba kenda wapi?" Kofia aliibadilisha zamani, uzi bado ni ule ule.

Kuna wanaosema kaja ni "akaja" iliyokatwa a. Kwenye kusimulia hadithi inawezekana, akaja akakaa akala, ukiongea haraka a inamezwa. Ila bibi akiita "mgeni kaja" hakuna hadithi pale, hakuna tukio lililotangulia, mgeni yuko mlangoni amesimama na mikoba yake. Hiyo ni tayari, si kisha.

Wengine hasa wa bara wanasikia dharau. Kwao ka- ni ya udogo, katoto, kajumba, kagari, na katoto kakilala watasema "kamelala". Sasa ukimwambia "mama kalala" anaona umemdogosha mama. Hizi ni ka- mbili zisizohusiana kikazi, moja ni ya ngeli ya vitu vidogo ambayo lugha nyingi za bara zinayo, nyingine ni ya nafsi, na mtu wa Pemba anaitumia hiyo hiyo kwa mama yake, kwa shehe na kwa rais.

Na hapa ndipo mambo yanapopendeza, kwa sababu watu wengi wanadhani mvuto unakwenda upande mmoja tu, sanifu inameza na lahaja inamezwa. Sikiliza vijana wa Dar es Salaam. "Kaniacha." "Kasema atakuja." "Boss katoka." Imejaa mitaani, imejaa kwenye bongo fleva, anaisema mtoto wa Mbeya ambaye hajawahi kupanda boti. Mimi nikiisikia naisikia ka- ya pwani ya kusini ikifanya kazi yake ile ile, yeye na tayari ndani ya silabi moja, na kwa mtu anayeongea haraka au anayetafuta mizani ya wimbo silabi moja ni mali. Mwenzake wa hiyo ka-, yaani ku- ya nafsi ya pili (wewe), ambayo kwenye lahaja hizo hizo inakaa mahali pa u-, yenyewe haikuvuka bahari. Nadhani sababu ni kwamba ku- tayari ina kazi nyingi mno, kuna kuja na kwenda za kutaja tendo, kuna "nakupenda", ukiongeza na hiyo watu wanapotea. Ka- ilikuta kiti kitupu ikakaa.

Haya, tuje kwenye "ako" na "yuko" ambayo ndiyo inaleta matusi kila mwaka.

Pwani ya kaskazini nafsi ya tatu ilikuwa na sura mbili, a- na yu-. Mombasa mtu anakwambia "yuaja" pale sanifu inaposema "anakuja". Sanifu ilichukua a- kwenye vitenzi karibu vyote lakini yu- ikabaki imejificha pembeni: yuko, yupo, yumo, yu hai, yu tayari, na ukiangalia vizuri utaiona hata ndani ya huyu na yule. Ni kama nyumba iliyobomolewa ikajengwa upya ila mlango mmoja wa zamani wameuacha. Sasa mtu aliyejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, kazaliwa Kisumu au Nyeri au Machakos, anasikia niko, uko, tuko, wako, na anajua kwa vitenzi vingine yeye ni a-, anakula, anasoma, atakuja. Akili yake inafanya hesabu ya kawaida kabisa na jibu linatoka "ako". Huo si uvivu, ni kunyoosha kilichopinda. Lubumbashi kule Kongo hawakukaa kikao na Nairobi lakini wao pia waliinyoosha kivyao, wanasema "eko", na wakiwa wengi "beko". Kenya Kiswahili kiliwekwa kuwa somo la lazima lenye mtihani kwenye mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, kwa hiyo vizazi vizima vimeandika "yuko" kwenye karatasi ya mtihani, wamekabidhi karatasi, wametoka nje ya geti wakasema "ticha ako wapi?" Shule ilishinda kwenye karatasi. Mdomoni imeshinda ako.

Hapo tunaona kitu ambacho mfano wangu wa kofia na uzi haukukisema vizuri. Nina jirani aliyetoka upande wa Uvira, huko huko Kongo. Alipofika alikuwa anasema "batu", "batoto", "banakuja", yaani ba- pale tunaposema wa-. Watu walimcheka, na ndani ya miezi michache ba- yote ikawa wa-, ile ya ndani ya kitenzi nayo pia. Lakini "muko", "mumekula", anasema mpaka leo na hakuna anayemsumbua. Kumbe kipimo hasa si nje au ndani. Kuna maswali mawili. La kwanza, je kiwakilishi hicho kinabadilika kimoja kwa kimoja, au kimefungana na vitu vingine? Ba- kwenda wa- ni kimoja kwa kimoja, kaja kwenda amekuja sivyo. La pili, je watu wanakicheka? Maana kinachochekwa ndicho mtu anachokisikia mdomoni mwake mwenyewe, na huwezi kubadilisha usichokisikia. Mumekula na mmekula zimekaribiana mno hakuna wa kucheka, kwa hiyo inabaki. Mvuto wa lugha kubwa haufanyi kazi kama amri ya serikali, unafanya kazi kwa aibu ndogo ndogo, dukani, darasani, kwenye daladala, mtu akikuambia "ati?" mara tatu kwa siku, ya nne unajirekebisha kabla hujaulizwa.

Na si kila mara mtu anaporekebishwa anapata kilicho bora, hili naomba lieleweke. Chukua hii sentensi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo: "Jana nimewaona sokoni." Umewaona nani? Nyinyi mnaosoma, au wale wengine? Huwezi kujua, kwa sababu -wa- ya sanifu ya shuleni inafanya kazi ya "nyinyi" na ya "wao" pamoja. Mtu wa Unguja hana tatizo hilo. Akiwaona nyinyi anasema "nimekuoneni", akiwaona wao anasema "nimewaona". Nakuombeni, nakushukuruni, nakutakieni kheri. Ku- ya wewe, na -ni mkiani inayosema mko wengi. Ni safi, fupi, haina utata. Lakini kiongozi wa Zanzibar akisimama jukwaani akasema "nakuombeni ndugu wananchi", kuna watu wa bara wanamwandikia komenti kwamba kachanganya umoja na wingi. Hajachanganya chochote! Anatumia kiwakilishi kinachotenganisha watu ambao sanifu ya darasani imewaweka kapu moja. Na linalonisikitisha zaidi, nasikia Wazanzibari vijana wakiwa Dar wanaanza kusema "nawaomba" ili wasichekwe, na ikibidi kufafanua wanaongeza "nyinyi" mbele. Kilichokuwa kinasemwa kwa neno moja sasa kinahitaji mawili.

Sanifu yenyewe nayo inakuwa upande wa kupoteza. Vitabu vinafundisha sisi sote, nyinyi nyote, wao wote, kila nafsi na "-ote" yake. Huko bara wengi wanasema "sisi wote", "nyinyi wote", na Kongo "shiye bote". Hapa sanifu ndiyo inayobeba kitu cha pwani ya zamani na lugha ya mtaani, yenye watu wengi kuliko pwani nzima, ndiyo inayokinyoosha. Lugha kubwa siyo lazima iwe ya kwenye kitabu, wingi wa wasemaji nao una nguvu yake. Hata "ninyi" ya kamusi, nani anaisema mtaani? Tunasema nyie. Wa pwani wanasema mie, weye, siye, na hakuna aliyefaulu kuzitoa hizo kwa kalamu nyekundu.

Mtu ataniuliza, kwa hiyo tuache kufundisha sanifu? Hapana, sijasema hivyo na siamini hivyo. Mtoto wa Makunduchi na mtoto wa Turkana wanahitaji mahali pa kukutania na pale pana faida kubwa, mkataba, dawa, sheria, habari, vyote vinahitaji sura moja ambayo kila mtu anaijua. Ninachokataa ni ule mstari mwekundu usio na maelezo. Mwalimu angeweza kusema "hii kaja ni ya kwenu Pemba na ni sawa, kwenye mtihani tunaandika amekuja", sentensi moja tu, sekunde tano. Mtoto anabaki na vyote viwili. Ukimwambia tu ni kosa, anakwenda nyumbani na kuanza kumsikia bibi yake kama mtu anayekosea, na mimi hilo lilinipata, kuna mwaka mzima nilikuwa namsahihisha bibi. Ananiambia "babu yako kenda shamba", namjibu "amekwenda, bibi." Alikuwa ananyamaza.

Bibi alishafariki. Mwezi uliopita binti wa dada yangu, kazaliwa Dar na kakulia Dar, alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu la familia, anakimbia, anahema, nyuma yake milango ya gari inafungwa: "Jamani mama kaja, kaja na keki!" Niliusikiliza mara tatu, halafu nikamwandikia dada yangu, umesikia anavyosema mwanao? Akanijibu, nimesikia, bibi huyo.